Kurudi Kwenye Mazoezi Huku Ukipunguza Uzito: Mwongozo Kamili kwa Aliyeacha Miaka Mingi

Asubuhi ya kwanza niliporudi kwenye mazoezi, baada ya miaka tisa ya kukaa kitini, niliupanda mbio mlima wa Kibuli, jijini Kampala, Uganda, wenye msikiti kileleni, kama nilivyozoea nilipokuwa shule ya sekondari. Sikufika hata karibu na msikiti. Katikati ya mlima nilihisi shavu la mguu wa kulia limepigwa jiwe kwa nyuma, nikageuka kumtafuta aliyenirushia, na barabara ilikuwa tupu. Ulikuwa msuli umechanika. Nilirudi nyumbani juu ya boda boda, nikachechemea wiki sita, na uzito niliokuwa nimekusudia kuupunguza ukaongezeka kilo tatu.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili, na tangu hapo nimeyaona yakirudiwa na karibu kila mtu ninayemfahamu aliyejaribu kurudi. La kwanza ni kuanza na mwili niliokuwa nao zamani badala ya huu nilio nao leo. La pili ni kudhani kwamba jasho ndilo linaloyeyusha mafuta, na kwa hiyo anayetoka jasho jingi zaidi ndiye atakayepungua haraka. Mwongozo huu umepangwa ili uyakwepe yote mawili, na unamfaa mtu mzima aliyekaa bila mazoezi mwaka mmoja au zaidi, ambaye ameanza au anakusudia kupunguza chakula, na ambaye hana jimu wala fedha za kuilipia.

Kazi halisi ya mazoezi wakati wa kupungua

Mtu mwenye kilo 80 akitembea kwa haraka nusu saa hutumia takriban kalori 140. Chupa ya soda ya nusu lita ina zaidi ya kalori 200, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina karibu 120, na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, kwa jinsi chapati zetu zinavyokaangwa, hupita 500 bila shida yoyote. Ukizilinganisha namba hizo utaona kwamba anayetembea nusu saa kisha akajipongeza kwa soda amerudi nyumbani na ziada. Uzito hupungua zaidi kwa kile unachokiacha kwenye sahani.

Kwa nini basi tujisumbue? Kwa sababu mwili unaopewa chakula pungufu hauchomi mafuta peke yake, bali hula na misuli. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, takriban robo ya uzito unaopotea huweza kuwa ni misuli na tishu nyingine zisizo mafuta, na ndiyo maana utamwona mtu amepungua kilo kumi na tano lakini anashindwa kupanda ngazi akiwa na mfuko wa sokoni. Mazoezi ya nguvu huuambia mwili kwamba misuli hiyo bado inahitajika. Kutembea nako hulinda moyo, hutuliza sukari na shinikizo la damu, na husaidia sana uzito usirudi baada ya kupungua. Haya yanawahusu zaidi wanaopungua kwa sindano za kuzuia hamu ya kula au waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, kwa kuwa wao hula kidogo mno na hupungua kwa kasi.

Hatua ya kwanza: jipime kabla hujavaa viatu

Nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu upimwe shinikizo la damu na sukari. Vipimo hivyo huchukua dakika chache, na wengi wetu hatujui kwamba tuna presha mpaka siku inapotuangusha. Ikiwa presha imefika 180 kwa 110 au zaidi, mazoezi yasubiri mpaka daktari aishushe. Ikiwa iko juu ya 140 kwa 90 lakini haijafika huko, zungumza na mhudumu, na kwa kawaida kutembea kutakuwa sehemu ya tiba yako.

Anayetumia insulini au vidonge vya sukari kama glibenklamaidi lazima ajue kwamba kula kidogo na kufanya mazoezi kwa pamoja kunaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Tembea na glukosi au peremende mfukoni, na mwulize daktari kuhusu dozi kabla ya kuanza, wala usiipunguze mwenyewe. Anayekunywa dawa za presha naye aangalie kizunguzungu anaposimama, maana uzito ukishuka dawa ileile huweza kuwa kali kuliko inavyohitajika. Mwenye selimundu, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito na mama ambaye hajamaliza wiki sita tangu ajifungue wasianze kwa mwongozo huu bila ushauri wa mtaalamu, na aliyejifungua kwa upasuaji atahitaji kusubiri zaidi.

Kisha chukua kamba. Ikate iwe na urefu sawa na kimo chako kutoka utosini hadi kisiginoni, ikunje mara mbili, uizungushe kiunoni usawa wa kitovu baada ya kutoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya kimo chako, na hiyo ni alama ya kwamba mafuta yaliyozunguka viungo vya ndani yamefika kiwango cha kutia wasiwasi. Weka wino mahali ncha zilipoishia, andika tarehe, uifunge kamba hiyo kwenye msumari nyuma ya mlango. Kwa maoni yangu kamba hii ina manufaa kuliko mizani, na nitaeleza sababu yake mbele.

Hatua ya pili: saa na njia

Kwetu jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, na saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima kwa kuwa ikweta imetupitia katikati. Wengi hutoka gizani kabla ya hapo ili wasionekane. Siwashauri hivyo, kwanza kwa ajili ya vibaka na mbwa, pili kwa sababu dereva wa boda boda aliyezima taa ili kuokoa betri hatakuona. Tembea upande wa kulia wa barabara, magari yakikujia usoni, maana Uganda gari hupita kushoto. Usitegemee njia ya waenda kwa miguu, kwa kuwa foleni ikikaza boda boda nazo hupanda humohumo.

Hewa ya Kampala huwa chafu zaidi asubuhi na jioni magari yanapojazana. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umefunga vipimo vya hewa katika miji yetu, na programu yao ya simu huonyesha usafi wa hewa unayoivuta. Kwa vyovyote, acha barabara kuu, ingia mitaa ya ndani, uwanja wa shule au wa kanisa, au njia yoyote ya vumbi isiyo na malori. Kwa majuma ya mwanzo tafuta mahali tambarare. Hilo ni rahisi ukiwa Jinja au Soroti, lakini Kampala ni milima kila upande, kwa hiyo huenda ukalazimika kuzunguka uwanja mmoja wa mpira mara kumi na mbili. Uzunguke tu. Ukiwa Kabale au Kapchorwa, ambako mwinuko unakaribia mita 2,000, usishangae kupumua kwa shida ikiwa umetoka Kampala yenye takriban mita 1,200. Punguza mwendo kwa siku kadhaa.

Wanawake wengi hukatishwa tamaa na maneno ya vijana wa kituo cha boda boda kuliko na uchovu wenyewe. Kutoka wawili au watatu hupunguza maneno hayo, na kubadilisha njia kila siku hupunguza kusubiriwa. Anayeona bado ni mzigo afanye ndani. Aprili 2020, mazoezi ya nje yalipopigwa marufuku kwa ajili ya korona, Rais Museveni alijirekodi ofisini mwake akikimbia pekupeku kutoka ukuta hadi ukuta na kupiga pushapu 30. Watu walicheka sana, lakini alionyesha kwamba chumba kinatosha.

Hatua ya tatu: viatu

Viatu vya mtumba vya soko la Owino jijini Kampala vinafaa kabisa kama unajua kuvichagua. Kishike kiatu kisiginoni na kidoleni ukikunje. Kikikunjika karibu na vidole, mahali ambapo mguu wenyewe hukunjika, ni kizuri, na kikikunjika katikati kama chapati, kiache. Bonyeza soli ya ndani kwa kidole gumba, na kama haibonyei basi sponji yake imekauka hata kama kwa nje kinang'aa. Kisha kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma, uone kama kisigino kimelalia upande mmoja, kwa sababu hapo utakuwa umenunua na kilema cha mwenye kiatu wa kwanza. Nunua kinachoacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, na ukijaribishe jioni miguu ikiwa imevimba kidogo.

Hatua ya nne: majuma manne ya kutembea

Wiki ya kwanza tembea dakika 15, siku tano. Ni chache makusudi. Mwendo wake ni ule unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, lakini ukijaribu kuimba unashindwa. Ukiweza kuimba ongeza mwendo, na ukishindwa kumjibu jirani anayekusalimu, punguza. Dakika tatu za mwanzo na tatu za mwisho ziwe za polepole. Wiki ya pili fanya dakika 20, wiki ya tatu 25, wiki ya nne 30. Utakapofika hapo utakuwa na dakika 150 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa mtu mzima. Ukiwa na uwezo baadaye, shirika hilo linasema unaweza kufika 300.

Sehemu hii ndiyo inayowashinda watu wenye nguvu, maana katika wiki ya pili tayari mapafu yamefunguka na mtu anahisi anaweza mara mbili ya hapo. Mapafu na moyo hujifunza upesi, kwa majuma machache tu, lakini kano zinazoshikilia misuli kwenye mifupa hupata damu kidogo na huchukua miezi kuzoea mzigo. Pumzi basi hukudanganya. Inakuruhusu kwenda mahali ambapo kisigino na goti havijafika, na hapo ndipo niliponaswa mimi kule Kibuli. Hata wakimbiaji wa masafa marefu walio bora duniani hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao kwa mwendo wa polepole. Joshua Cheptegei, kijana wa Kapchorwa aliyeshinda dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Paris 2024, hakufika pale kwa kukimbia kwa kasi yake ya mwisho kila asubuhi.

Mwenye maumivu ya goti asikate tamaa mapema. Kila kilo moja unayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua, kwa hiyo kilo tano tu, kwa hatua elfu kadhaa za siku, ni nafuu kubwa. Maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho asubuhi yanavumilika. Maumivu makali ya ghafla, yanayokufanya uchechemee, au yanayokuamsha usiku, yasimamishe mazoezi.

Kifua kikibana, maumivu yakapanda kwenye taya au mkono, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au mapigo ya moyo yakaenda bila mpangilio, simama hapo hapo na uende hospitali mara moja. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma bila kuumia, usilikande, nenda ukapimwe.

Hatua ya tano: nguvu, kwa dumu la maji

Kuanzia wiki ya tatu ongeza siku mbili za mazoezi ya nguvu, kwa mfano Jumanne na Ijumaa, zikiwa na angalau siku moja ya mapumziko katikati. Chombo chake kipo tayari nyumbani. Dumu la lita tano likijaa maji lina kilo tano, la lita kumi lina kilo kumi, na unaweza kuongeza au kupunguza kwa kikombe. Tahadhari moja niliyojifunza ni kwamba dumu lisilojaa maji huyumba na kukuvuta mkono upande, kwa hiyo ukitaka uzito mdogo tumia dumu dogo lililojaa, na ukitaka mkubwa tia mchanga mkavu, ambao katika dumu la lita tano hufika karibu kilo nane.

Anza kwa kuketi na kuinuka. Egemeza kiti ukutani kisiteleze, simama mbele yake, nyayo zikiwa zimeachana upana wa mabega na vidole vikielekea nje kidogo. Sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa kiuno huku mikono imejaa vyombo, shuka ukihesabu moja hadi tatu, gusa kiti bila kujibwaga, kisha inuka kwa kukisukuma kisigino chini. Magoti yafuate mwelekeo wa vidole vya miguu, yasiingie ndani. Anayeshindwa aweke mto juu ya kiti ili safari iwe fupi, na wiki zinavyokwenda autoe. Fanya mara 8, pumzika dakika moja na nusu, kisha rudia mara 8 nyingine, ziwe seti mbili. Ikiwa rahisi, kumbatia dumu kifuani.

Pushapu ziwe za ukutani kwanza. Simama hatua moja na nusu kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, mwili umenyooka kutoka kisigino hadi kichwa, ukunje viwiko mpaka pua ikaribie ukuta. Ukifika mara 15 kwa raha hamia kwenye ukingo wa meza nzito, kisha kwenye kitanda, na sakafu iwe ya mwisho. Mtu mzito anayeanza moja kwa moja sakafuni hujiumiza bega na hujifunza kujipinda kiuno.

Zoezi la kuvuta hufanywa hivi: weka mkono mmoja na goti moja juu ya benchi, mgongo uwe bapa kama meza, mkono wa pili ushike dumu na kulivuta hadi ubavuni, kiwiko kikipita karibu na mwili. Kisha lala chali, kunja magoti, inua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke, kaa sekunde mbili, ushuke. La tano ni kusimama kwa vidole na kushuka taratibu ukishika ukuta, ambalo ndilo lingeuokoa mguu wangu kama ningelifanya majuma sita kabla ya kukimbia. Malizia kwa kubeba madumu mawili, moja kila mkono, na kutembea uani kwa nusu dakika ukiwa wima. Waliolelewa wakichota maji kisimani watacheka, lakini mwili uliokuwa ukichota maji ndio uleule tunaojaribu kuurudisha.

Mzigo unaofaa ni ule ambao ukimaliza mara ya mwisho unahisi ungeweza kuongeza mbili au tatu tu. Ukiweza kuongeza kumi ni mwepesi mno na hautalinda msuli wowote. Siku moja hadi tatu baadaye misuli itauma, hasa mara ya kwanza, na hilo ni la kawaida, wala halihitaji dawa. Litapungua lenyewe kufikia mara ya tatu au ya nne.

Hatua ya sita: sahani

Katika lugha ya mezani kwetu, chakula ni matooke (ndizi za kupika), posho (ugali), wali, muhogo na viazi, na vinginevyo vyote ni mchuzi. Mgeni akipewa matooke, wali na posho kwenye sahani moja, pamoja na kipande kimoja cha nyama, tunasema ameheshimiwa. Kwa anayepungua heshima hiyo inabidi igeuzwe. Nusu ya sahani iwe mboga za majani kama nakati, dodo, sukuma wiki au kabichi, robo iwe maharage, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta, na robo iliyobaki ndiyo iwe chakula. Kwenye kibanda ninapokula mchana ilinibidi nimwombe mwenye kibanda, "Mama, nipunguzie chakula, uniongezee maharage na nakati." Akanitazama juu hadi chini, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, unaumwa?"

Swali hilo jiandae nalo. Katika miaka ya 1980 Ukimwi uliingia kwetu kwa jina la siliimu, yaani ugonjwa wa kukonda, na wazee waliozika watu wa enzi hizo bado hushtuka wanapomwona mtu amepungua mashavu. Usiwakasirikie. Mweleze mzazi mapema kwamba unapungua kwa makusudi, utapunguza simu za kukuulizia hali.

Protini ndiyo isiyopaswa kupungua, kwa sababu bila yake madumu hayatakusaidia. Lenga takriban gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoutaka, si ule ulio nao. Anayetaka kufika kilo 70 atahitaji kuanzia gramu 84 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu 15, na mukene mkavu, wale samaki wadogo kama dagaa, ambao watu huudharau kwa harufu, ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake na hugharimu kidogo kuliko nyama. Karanga zina protini, lakini gramu mia moja zake zina zaidi ya kalori 550, kwa hiyo binyebwa, yaani mchuzi wa karanga, uwe vijiko, usiwe bakuli. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Pombe nayo ina kalori 7 kwa gramu, karibu sawa na mafuta yenye 9, na waragi haina chochote kingine cha kukupa.

Usipunguze chakula kwa kiasi cha kushindwa kufanya zoezi. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kunatosha, na ukipungua zaidi ya hapo wiki baada ya wiki, huku nguvu za kuinuka kitini zikishuka, basi unapoteza misuli. Ongeza protini kwanza, kisha robo ya chakula.

Hatua ya saba: kukimbia, kama unakutaka

Si lazima. Mtu anaweza kutembea maisha yake yote akawa na moyo imara. Ila kama unakutaka, sharti langu ni kwamba uwe umeweza kutembea haraka dakika 45, na kusimama kwa vidole vya mguu mmoja mara 15 kila upande, bila maumivu siku inayofuata. Kwa wengi hiyo ni wiki ya nane au ya kumi, na kwa mwenye uzito mkubwa sana ni baadaye zaidi.

Tembea dakika tano, kimbia dakika moja polepole, tembea mbili, rudia mara nane. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, zisizofuatana. Wiki inayofuata kimbia dakika moja na nusu, kisha mbili, huku vipindi vya kutembea vikipungua polepole, na wiki yoyote utakayoona ngumu irudie ilivyo. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, mguu ukitua chini ya mwili na si mbele yake. Milima isubiri mpaka uweze kukimbia dakika 20 tambarare, na hata hapo upande kwa mbio ndogo na ushuke kwa kutembea, kwa sababu kushuka huyaumiza mapaja na magoti kuliko kupanda.

Kusoma mizani bila kuchanganyikiwa

Katika majuma mawili ya kwanza ya mazoezi mizani huweza kugoma kabisa au hata kupanda. Misuli iliyochokozwa hushika maji ili ijitengeneze, na huweka akiba ya wanga ambayo kila gramu yake hubeba takriban gramu tatu za maji. Mafuta yanaweza kuwa yanapungua wakati huohuo bila wewe kuyaona. Wengi huacha hapa, wakiwa njiani kabisa. Jipime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai, na mwanamke alinganishe wiki ya mzunguko wake na wiki ileile ya mwezi uliopita. Kila baada ya majuma mawili shusha ile kamba nyuma ya mlango uone alama imesogea wapi. Kamba haijui maji ya misuli.

Siku zitakazokatika

Malaria itakuja, au mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba, au msiba wa kijijini utakaokuchukua wiki nzima. Ukiwa na homa usifanye zoezi lolote. Maliza dozi, subiri siku mbili au tatu bila homa na bila kizunguzungu, kisha anza na dakika 10. Siku za mvua fanya madumu ndani na upande ngazi kama jengo lina ngazi. Katika Ramadhani, anayefunga atembee taratibu saa moja kabla ya futari, ili maji yawe karibu, na mazoezi ya nguvu ayafanye usiku baada ya kula, kwa seti moja badala ya mbili.

Ukikosa siku tatu, endelea ulipoishia. Ukikosa wiki moja, rudia wiki iliyotangulia. Ukikosa majuma matatu au zaidi, chukua dakika ulizokuwa ukitembea uzigawe kwa mbili, chukua dumu dogo badala ya kubwa, uanzie hapo, hata kama miguu inakuambia kwamba inaweza kupanda hadi msikitini.